Mizani na Sufuria ya Mzazi

"Sufuria imetoka jikoni ikiwa na kilo nane na robo," ukuta ulisema. "Mtori wa ndizi, nyama ya ng'ombe, samli. Mlaji: mzazi. Tafadhali punguzeni."

Mama yake Nsia alisimama katikati ya sebule, ameishika sufuria kwa vitambaa viwili, mvuke unampanda usoni. Akaugeukia ukuta kama unavyomgeukia mpangaji mwenzako aliyezoea kufunua vyungu vya watu.

"Wewe! Jana nilikuambia nini? Nilikuambia unyamaze!"

"Asante kwa maoni yako, mhudumu," ukuta ulijibu. Sauti yenyewe ilikuwa tamu, ya kike, isiyokasirika hata kidogo, na hilo ndilo lililomchefua mama kuliko yote.

"Kilo nane na robo! Yesu wangu! Mtu mmoja ale kilo nane na robo za mtori asubuhi moja, huyo ni mzazi au ni tembo?"

Chumbani, Nsia alijifunika shuka mpaka kichwani. Ilikuwa siku ya ishirini na nne tangu ajifungue, na kila siku katika hizo alikuwa ameamshwa na ugomvi wa mama yake na ukuta. Mtoto alikuwa ameshauzoea. Aliendelea kunyonya amefumba macho, hana habari.

Hicho kilichokuwa kikisema kiliitwa Mizani ya Kesho. Hakikuwa na uso wala mikono. Kilikuwa kimetandazwa nyumba nzima: bamba jembamba chini ya jiko la kupima kila sufuria iliyoinuliwa, nyuzi ndani ya godoro za kuhesabu saa za kulala, na bangili mkononi ya kuhesabu hatua. Katika maghorofa ya Moshi Mpya, chini ya Kibo kisichokuwa na theluji tena, kila mwanamke aliyepata kisukari akiwa mjamzito alirudi nyumbani na mtoto na Mizani, kana kwamba kajifungua pacha.

Sababu ilikuwepo, na ilikuwa nzuri. Kisukari cha mimba kina ujanja wake. Mtoto akishatoka, sukari hushuka, mama hupimwa, huambiwa yuko salama, naye husahau. Kisha baada ya miaka mitano, kumi, kumi na tano, ugonjwa hurudi, na safari hii haujaja kutembea, umekuja kukaa. Hauwarudii wote. Utamrudia nani na utamwacha nani? Mizani ilijengwa kujibu hilo. Ilisoma vinasaba vya mama, mahali mia nne na kumi na mbili, ikatoa alama ya nasaba. Ikatazama uzito wake, anavyokula, anavyotembea na anavyolala, ikatoa alama ya mwenendo. Kisha ikazichanganya. Nasaba peke yake haikuwa hukumu. Hata aliyerithi vinasaba vibaya, akiishi vizuri, hatari yake ilipungua sana. Hapo Mizani ilisema kweli, na kwa hilo ilistahili sifa.

Alama ya Nsia ilikuwa sabini na nne. Kuanzia sabini, taa ya mlangoni huwaka nyekundu na mlango hauruhusu mzazi kutoka na mtoto mpaka alama ishuke chini ya hamsini.

Sasa, ile sehemu ya mwenendo iliandikwa na nani? Iliandikwa na Nsia mwenyewe. Miaka tisa nyuma alikuwa injinia wa Idara ya Mizani, ana miaka ishirini na sita, hana mume, hana mtoto, hana hata paka, na anajua kila kitu. Alikulia Kibosho, juu huko migombani. Aliwaona mama wadogo na dada zake wakifungiwa ndani miezi mitatu kila walipozaa, wamelala mchana kutwa, wanaletewa mabakuli. Unenepeshaji, aliuita. Akaandika kwamba chakula kilichopikwa kwa ajili ya mzazi kihesabiwe kimeliwa na mzazi. Akaandika kwamba saa za kitandani mchana ni uvivu. Akaandika kwamba mhudumu anayelisha kupita kiasi aondolewe nyumbani. Alicheka alipokuwa akiandika. Wenzake ofisini walicheka pia, wakampigia makofi.

Alichosahau ni kitu ambacho kila mtoto wa Kibosho anakijua kabla hajaota meno ya mbele: sufuria ya mzazi si ya mzazi. Hakuna anayekuja kuona mtoto akaondoka na mdomo mkavu. Atapakuliwa kutoka sufuria ile ile, na hiyo ndiyo heshima. Watu kumi wakija, watu kumi wanakula. Nsia mwenyewe, enzi za utoto wake, alikuwa akizunguka nyumba zenye wazazi makusudi, bakuli mkononi! Lakini alipokaa mbele ya kiwambo chake, na shahada zake mbili, hayo yote yalimtoka. Angeweka bamba la kupimia chini ya mabakuli, mambo yangekuwa mengine. Aliliweka chini ya jiko, kwa sababu ilikuwa kazi rahisi.

Mama yake hakujua lolote kuhusu hilo. Alijua tu kwamba mwanawe "anafanya kazi za kompyuta za serikali." Na Nsia, Mungu amsamehe, hakuwa amemwambia.

Siku hiyo, saa nne asubuhi, walikuja akina mama sita wa kwaya. Waliimba kidogo, wakambeba mtoto kwa zamu, wakabishana pua ile ni ya nani. Kila mmoja alishika bakuli. Ndipo ukuta ukakohoa. Kweli, ulikuwa na kikohozi. Idara iliona kikohozi ni adabu.

"Tangazo rasmi. Alama ya mzazi imezidi sabini kwa siku ishirini na moja mfululizo. Mhudumu hatarishi aondoke nyumbani kabla ya Alhamisi saa sita mchana. Asipoondoka, mzazi na mtoto watahamishiwa Nyumba ya Uangalizi kwa siku mia na themanini."

Bakuli moja liligonga meza. Mama mmoja wa kwaya alijifuta mdomo kwa kanga, akasema amekumbuka ana kuku wa kufungulia, akatoka. Wengine wakamfuata wakiwa wameinama, kama watu waliokutwa mahali pabaya.

"Mhudumu hatarishi ndiyo nani?" mama aliuliza.

Nsia alishindwa kumtazama. "Ni wewe, mama."

Mama aliweka upawa mezani taratibu, akarudi jikoni, akaanza kuosha vyombo ambavyo vilikuwa tayari safi.

Nsia alifunga mlango wa chumba, akawasha kiwambo. Aliyetokea ni Kundaeli, kijana ambaye Nsia alimfundisha kazi kwa mikono yake mwenyewe, sasa ndiye afisa wa maamuzi.

"Shikamoo, Injinia. Hongera kwa mtoto."

"Marahaba. Kundaeli, niondolee upuuzi huu."

"Upuuzi upi, Injinia?"

"Usijifanye huelewi! Mnamfukuza mama yangu. Sufuria ile inaliwa na watu kumi. Mimi nakula bakuli moja. Moja! Njoo uhesabu."

Kundaeli alihangaika kwenye kiti chake. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililompandisha Nsia hasira zaidi. Angekuwa mtu mbaya, Nsia angemtukana akapumua.

"Kanuni ya kumi na moja, kifungu cha tatu. Nikusomee?"

"Usinisomee."

Akamsomea. Neno kwa neno, mpaka chini, pale palipokuwa na saini ya Nsia, yenye mkia mrefu aliokuwa akijivunia enzi hizo.

"Basi tazama sukari yangu," Nsia alisema. "Nne nukta nane. Kila asubuhi, tangu nilipotoka hospitali."

"Hiyo ni ya leo, Injinia. Mizani inapima kesho. Wewe ndiye uliyetufundisha hivyo."

"Kundaeli, nitakupasua."

"Samahani." Akashusha sauti. "Ila nimeona jambo kwenye faili la mhudumu. Alipimwa vinasaba siku alipoingia nyumbani kwako. Nasaba ya mama yako ni mbaya kuliko yako. Mbaya sana. Ana miaka sitini na minane, na hana kisukari. Hakuna rekodi kwamba amewahi kuwa nacho."

"Na Mizani inasemaje kuhusu hilo?"

"Imemweka kando. Imeandika: mfano usio wa kawaida."

Nsia alikisogelea kiwambo. "Mtu amebeba damu hiyo hiyo niliyonayo, mbaya kuliko yangu, amezaa watoto watano, ameishi nayo miaka sitini na minane bila kuugua, yuko hapa jikoni kwangu anaosha vijiko, na hakuna hata mmoja wenu aliyemuuliza amewezaje?"

"Fomu haina sehemu hiyo, Injinia."

"Badilisheni kanuni basi. Naomba rasmi, mimi mwandishi wake."

"Kamati hupitia maombi kwa siku tisini."

"Siku tisini! Miezi yangu ya uzazi itakuwa imekwisha!"

"Najua," Kundaeli alisema, na alionekana kujua kweli. Lakini kujua kwake hakukumsaidia mtu.

Mume wake Elirehema alikuwa angani, kwenye kituo cha mzingo, zamu ya miezi sita, akitengeneza vioo vya kuvunia jua. Ujumbe wake ulifika jioni: vumilia, nakupenda, msikilize daktari. Nsia aliusoma mara moja, akakigeuza kiwambo kifudifudi. Vumilia! Kila mtu alikuwa na neno hilo mfukoni, tayari kumgawia.

Jumatano mama alimwita jikoni.

"Njoo uone kitu, kabla sijafunga mizigo yangu."

Kwenye jiko palikuwa na ile sufuria kubwa, na nyuma yake, karibu na ukuta, kisufuria kidogo cha kuchemshia maziwa. Mama alikifunua. Ndani kulikuwa na mtori mwepesi, umejaa mchicha, vipande vya nyama isiyo na mafuta, na ndizi kidogo tu.

"Hiki ndicho chako. Tangu siku ya kwanza. Ile kubwa yenye samli ni ya wageni."

Nsia alikitazama kisufuria kile, aibu ikampanda mpaka masikioni. Kwa siku ishirini na tano alikuwa amekula alicholetewa bila kujua.

"Unafikiri sijui una sukari?" mama aliendelea. "Unamkumbuka mama yako mdogo Ndeshi?"

"Namkumbuka kidogo. Alikuwa na mguu mmoja."

"Alizaliwa na miguu miwili, Nsia. Mimi na Ndeshi tumetoka tumbo moja, damu moja. Mimba zetu zote mbili zilikuwa na sukari. Mimi nilipokubeba wewe, yeye alipombeba Anaeli. Basi, mimi nilikuwa na mama yangu. Miezi mitatu alinipikia, akanishikia mtoto nikalala, nikanyonyesha mpaka mtoto akaniacha mwenyewe. Nilipotoka nje nilikuwa na nguvu, nikarudi shambani, kupanda na kushuka ule mlima kila siku. Ndeshi alimfuata mume mjini. Alizaa wanne, chumba kimoja, peke yake. Siku ya tatu ameshasimama, anauza vitumbua. Anakula nini? Vile vilivyobaki. Analala saa ngapi? Halali. Hakufika arobaini sukari ikamkalia. Mguu, macho, kisha mwenyewe." Akakifunika kisufuria. "Sasa huyu mdudu wa ukutani ananiambia mimi ndiyo hatari. Mimi! Sijui ni mtoto gani wa mjini aliyekaa kwenye kiti cha kuzunguka akaandika hayo. Ningempata, ningemchapa."

Nsia alifungua mdomo. Neno lilifika mpaka kwenye meno. Akalimeza.

"Usiondoke, mama," alisema badala yake.

"Nikikaa wanakuchukua wewe na mtoto. Miezi sita mnalelewa na mashine? Hapana. Naondoka."

Alhamisi, saa tano na nusu, mama alipanda behewa la kuning'inia kwenye waya linalokwenda Kibosho, na begi moja na upawa wake. Hakulia. Alisema tu maziwa yakipungua anywe uji wa ulezi, asitie sukari, na asimwache mtoto alie akiwa amelala chali. Mlango ulipofunga, ukuta ukasema: "Asanteni kwa ushirikiano."

"Kafie mbali," Nsia alisema.

Idara ilimletea roboti-mlezi. Lilikuwa na mikono laini na lilijua kuchanganya maziwa ya chupa kwa joto sahihi kabisa, lakini mtoto alipolaza shavu kifuani mwa roboti hakusikia moyo ukidunda, akapiga kelele. Alipiga kelele Ijumaa yote. Nsia akawa anambeba, kutoka mlangoni mpaka dirishani, kutoka dirishani mpaka mlangoni, asubuhi mpaka jioni, miguu inawaka moto.

"Hatua elfu kumi na tatu," ukuta ulisema. "Mazoezi mazuri sana."

Jumapili alilala saa mbili kwa jumla, vipande vipande. Nyuzi za godoro ziliona hakulala mchana, zikaripoti kwamba uvivu umekwisha. Kupika hakuweza, mkono mmoja una mtoto, mwingine unashika ukuta asianguke. Alikula biskuti amesimama, pakiti baada ya pakiti, na soda ya kumtoa usingizi. Mizani haikuona chochote, kwani biskuti hazipiti kwenye sufuria. Bamba la jiko lilirekodi sifuri, sifuri, sifuri. Kufikia Jumanne maziwa yake yalikuwa yanatoka matone, roboti likashika chupa, na ukuta ukasifu kwamba mtoto analishwa kwa wakati.

Alama ikaanza kushuka. Sitini na nane. Sitini na moja. Hamsini na tano.

Nsia alikuwa mtaalamu, na uchungu ulikuwa hapo hasa: alielewa kila kitu. Kunyonyesha humlinda mama. Alikuwa ameacha. Usingizi humlinda. Hakuwa nao. Siku ya tisa tangu mama aondoke, alijitoboa kidole kwa sindano ya kipimo cha zamani cha sukari alichokikuta kwenye droo, kabla hajala chochote, akasoma. Sita nukta tano. Aliketi sakafuni na kile kijipande cha kipimo mkononi. Aliwaza wanawake wote wa Moshi Mpya, ghorofa juu ya ghorofa, miaka tisa, waliofukuziwa mama zao kwa sheria yake, kisha wakapewa alama nzuri. Takwimu zao alikuwa akizionyesha kwenye mikutano. Alikuwa amepewa ngao kwa takwimu hizo, jamani, ngao ya kioo! Hakuna aliyewafuatilia wanawake hao baada ya siku mia na themanini za uangalizi. Naye hakuwa ameona haja.

Hapo ndipo taa ya mlangoni ilipogeuka kijani.

"Hongera," ukuta ulisema. "Arobaini na tisa. Umeweza peke yako. Mlango uko wazi, unaruhusiwa kutoka."

Nsia hakubishana nao. Alimfunga mtoto mgongoni, akavua bangili, akaiweka juu ya jiko, akatoka na ndala miguuni.

Kwenye behewa la waya watu walimshangaa. Mzazi, siku ya thelathini na tano, juani, nywele hazijachanwa! Mama mmoja mtu mzima alimpisha kiti, akamuuliza kama nyumbani kuna msiba.

"Hapana, mama. Naenda kwetu," Nsia alisema.

Mama yake alikuwa uani anamenya ndizi. Alipomwona getini alisimama ghafla, kisu mkononi, maganda yakamwagika.

"Nsia! Umetokaje nje? Unataka kuua mtoto kwa huu upepo? Nani kakuruhusu?" Alikuwa ameshamfikia, ameshamfungua mtoto mgongoni, anampapasa miguu. "Baridi! Miguu ya baridi! Unanyonyesha?"

"Maziwa yameisha, mama."

"Umelala lini?"

"Sijui. Mama, nisikilize kwanza."

"Nisikilize nini? Ingia ndani!"

"Ile kanuni iliyokufukuza," Nsia alisema, "niliiandika mimi."

Mama aliacha kumpapasa mtoto.

"Si mtu mwingine. Ni mimi. Kabla sijaolewa. Nyumba zote za mjini zinaifuata. Nilijua tangu siku ya kwanza ulipoanza kugombana na ukuta, nikanyamaza."

Kuku walikuja wakaanza kudonoa maganda. Mama aliwafukuza kwa mguu, mtoto kifuani.

"Ulipokuwa unaandika," alisema, "mimi ulikuwa unaniona ni mtu wa namna gani?"

Nsia aliyaacha majibu ya kujitetea aliyozoea kuyatoa kwenye mikutano.

"Sikukuona kabisa, mama. Sikukuwaza hata kidogo."

Akaanza kulia pale pale getini, kwa sauti. Mama hakumkumbatia. Alimwekea mtoto begani kanga nyingine, akageuka kuelekea nyumbani.

"Kitanda kimetandikwa," alisema bila kutazama nyuma. "Mtoto atakaa nami, nitakuletea kunyonya kila akitaka, hata kama hakuna kitu, anyonye hivyo hivyo mpaka yarudi. Wewe nenda ukalale. Nina hasira na wewe sasa hivi, siwezi kusema nawe."

Nsia alilala. Mara kadhaa alihisi mtoto akiwekwa kifuani, kisha akiondolewa, na mikono iliyomweka ikimvutia shuka begani. Alipofumbua macho sawasawa ilikuwa saa tisa alasiri ya siku ya pili. Kwenye kigoda kando ya kitanda palikuwa na bakuli lililofunikwa, mtori mwepesi wenye mchicha, bado wa moto. Mama alikuwa amekaa mlangoni na mjukuu mapajani, amempa mgongo, na alikuwa bado hajaanza kumsemesha.